AJALI YA PIKIPIKI: JERAHA LINALOONEKANA NA LILE LISILOONEKANA



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, chanjo na usafi wa vyoo. Leo somo letu ni ajali ya pikipiki. Kuna watakaosema kwamba hilo ni jambo la polisi, si la afya. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mhamasishaji wa afya hawezi kunyamaza juu ya jambo linaloua vijana wengi namna hiyo.

Nitaanza na ajali yangu mwenyewe, kwa sababu karibu kila kosa ninalotaka kulieleza lilifanyika siku ile.

YALIYOTOKEA NYAKABIGA

Ilikuwa mwezi Februari 2015. Nilikuwa na miaka 15, tukikaa Nyakabiga mjini Bujumbura. Jioni moja, mvua ikiwa imekatika, mama alinituma mimi na binamu yangu kumpelekea shangazi chakula upande wa Buyenzi. Ili kupunguza nauli tulipanda pikipiki moja, sisi wawili nyuma ya motari. Wenyeji wetu Watanzania wanaita mtindo huo mshikaki. Motari alivaa helmeti yake. Helmeti ya abiria ilikuwa imening'inia kwenye usukani, mkanda wake umekatika. Nakumbuka nilisema inanuka jasho, nikaikataa. Binamu yangu hakuulizwa hata kidogo.

Kwenye kona maji ya mvua yalikuwa yameleta mchanga juu ya lami. Gari lilitoka upande mwingine, motari akafunga breki ghafla, pikipiki ikateleza na kulala upande wa kushoto. Mguu wangu wa kushoto ulibaki chini yake. Nilisikia mlio kama kuni kavu inavyovunjwa.

Watu wakaja mbio, kama ilivyo kawaida ya mitaa yetu. Mmoja alinivuta mabega, mwingine akainua pikipiki, na katika kuvutwa huko mguu wangu wa kulia ukagusa bomba la moshi likiwa la moto. Hivyo nikawa na mguu mmoja uliovunjika na mwingine ulioungua. Nilipiga kelele sana. Kila mtu alikuja kwangu.

Binamu yangu alikuwa amerushwa pembeni. Alisimama mwenyewe, akajikung'uta mchanga, akaokota bakuli la shangazi, akasema hajambo. Mtu mmoja alimsifu kwamba ni mwanamume kamili. Hakuna aliyemwangalia tena mpaka asubuhi.

ANAYEPIGA KELELE ANAPUMUA

Hili ndilo funzo la kwanza, na wanaofundisha huduma ya kwanza hulirudia mara nyingi. Ukifika penye ajali, usimkimbilie anayelia zaidi. Anayelia anapumua na akili anazo. Mtazame kwanza aliyenyamaza, aliyelala, au yule anayezunguka huku na huku akiuliza swali lile lile mara tatu.

Kabla ya yote, zuia magari. Weka matawi barabarani, na watu wawili wasimame mbali kidogo pande zote mbili wakipunga nguo. Mara nyingi ajali ya pili huwapiga wale waliokuja kusaidia.

Kisha tazama kama mgonjwa anapumua. Kama anavuja damu nyingi, weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa mkono, bila kufungua kila dakika kuchungulia. Kama mfupa umetoka nje, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi na mgonjwa awahishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana mfupa uliopata hewa na vumbi unahitaji kusafishwa, dawa za kuzuia vijidudu na sindano ya pepopunda. Mfupa ukishaingia usaha, mtu anaweza kuuguza tundu moja la mguu kwa miaka.

Usimvute mtu mabega wala kumkalisha kwa nguvu. Shingo inaweza kuwa imevunjika bila kuonyesha alama yoyote nje. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, wengine wamgeuze au wamwinue kwa pamoja kama gogo moja. Helmeti usiivute haraka haraka. Ikiwa anapumua vizuri iache, atavuliwa na wanaojua. Ikiwa hapumui vizuri au anatapika ndani yake, ivueni watu wawili: mmoja ameshika shingo na taya, mwingine anaitoa polepole.

Mguu uliovunjika ufungwe kabla ya safari. Mbao mbili, mwavuli au boksi gumu lililokunjwa vinafaa. Kama hakuna kitu, funga mguu mgonjwa pamoja na mguu mzima, katikati ukiweka nguo laini. Mimi nilipakiwa juu ya pikipiki nyingine, mtu akinishika kiunoni, mguu ukining'inia na kugongwa na kila shimo. Nawashukuru walionisaidia, walifanya kwa roho nzuri. Lakini ingekuwa afadhali kunisubirisha nusu saa nipate gari, au kunilaza juu ya mlango au juu ya machela, ile ingobyi tunayoijua sisi Warundi.

Njiani usimpe mgonjwa chai, maji wala chakula, hata akiomba, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa. Na ukiona anazidi kupauka, anatoka jasho la baridi, moyo unakwenda mbio na tumbo linauma au linavimba, wala hakuna damu nje, jua kwamba huenda anavuja ndani. Usukani wa pikipiki ukipiga tumbo unaweza kupasua bandama. Huyo ndiye wa kupelekwa kwanza.

Juu ya kuungua na bomba la moshi: mimi nilipakwa dawa ya meno. Wengine hupaka unga, asali, au mafuta ya injini. Yote hayo hushika joto na uchafu juu ya kidonda. Dawa ni maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa safi. Kidonda changu cha kuungua kiliingia usaha, na kovu lake ni kubwa kuliko alama yoyote niliyo nayo upande ule uliovunjika.

USIKU WA KWANZA

Hospitalini nilipigwa picha, muundi ukaonekana umevunjika bila kutoboa ngozi. Nilifungwa plasta ngumu, ambayo huku Tanzania inaitwa hogo, kutoka paja mpaka vidoleni, nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi alimwambia mama neno moja: “Vidole vikiwa baridi, rudi hata usiku.”

Saa nne usiku vidole vilikuwa vimevimba na vyeupe. Maumivu yalikuwa makali kuliko wakati wa kuvunjika, na nilipojaribu kuchezesha vidole, sikuweza. Mama alinirudisha. Plasta ilipasuliwa kwa urefu wake, na baada ya muda damu ikarudi.

Wasomaji, shikeni sana jambo hili, kwa maana nimeona kambini kijana aliyefungwa vijiti na mganga wa mifupa, akaambiwa avumilie maumivu kwa sababu “ndiyo mfupa unaunga”. Mguu ulipoanza kuwa mweusi ilikuwa imechelewa. Baada ya kuvunjika, nyama huvimba kwa siku mbili au tatu. Kitu kigumu kikiuzunguka mguu, iwe plasta ya hospitali au mabanzi ya mganga, uvimbe unakosa pa kwenda, unabana mishipa, na nyama huanza kufa baada ya saa chache tu. Alama ni hizi: maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, maumivu makali vidole vikinyooshwa, ganzi, vidole baridi au vilivyopauka. Usisubiri zote zitimie. Moja yatosha kukurudisha, hata kama ni usiku na hata kama utaambiwa hakuna kitu.

Basi usiku huo nyumba nzima ilikesha na vidole vyangu. Binamu yangu alikuwa amelala. Alisema kichwa kinamuuma, akatapika mara moja kabla ya kulala, tukadhani ni hofu. Mama alipopita chumbani alimwona amelala vizuri, akafurahi.

Asubuhi hakuamka. Alifungua macho kidogo na kuyafunga tena. Juu ya mto kulikuwa na maji mepesi ya rangi ya waridi yaliyotoka sikio la kushoto. Shangazi alidhani ni ugonjwa wa sikio wa zamani. Kumbe fupa la chini ya fuvu lilikuwa limepasuka.

Alipona. Alikaa hospitali wiki tatu, na sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Madaktari walisema alikuwa na bahati. Mimi huwa nafikiri juu ya ile bahati, na juu ya ile helmeti iliyonuka jasho.

Kwa hiyo mtu yeyote aliyepigwa kichwa, hata kama alisimama mwenyewe na kucheka, asiachwe peke yake kwa siku mbili. Arudishwe kituo cha afya upesi akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia kupita kawaida au kuwa mgumu kuamshwa, akichanganya maneno, akipata degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, au maji na damu vikitoka puani au sikioni. Usiku wa kwanza mwamsheni mara kadhaa, mumuulize jina lake na mahali alipo. Asinywe pombe. Pombe huficha alama hizo zote.

PLASTA SAFARINI

Baada ya wiki sita plasta yangu ilifupishwa ikawa chini ya goti, nikapewa magongo. Niliambiwa nirudi mwanzo wa Mei kuivua. Lakini maandamano yalianza tarehe 26 Aprili 2015, na Nyakabiga ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyojaa vizuizi. Siku yangu ya kurudi hospitali ilipita tukiwa tumejifungia ndani. Katikati ya Mei tuliondoka kufuata barabara ya ziwa, Rumonge mpaka Nyanza-Lac, kisha tukavuka kwenda Kagunga.

Waliopita Kagunga hawahitaji kuelezwa. Kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa kilipokea maelfu kwa maelfu ya watu, kipindupindu kikaingia. Mimi huko nilijifunza kutembea na magongo kwenye mteremko, na kanuni aliyonipa mzee mmoja mlemavu ndiyo ninayoifundisha mpaka leo: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Ukipanda, tanguliza mguu mzima, kisha magongo na mguu mgonjwa vifuate. Ukishuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Uzito ubebwe na viganja, si kwapa. Kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo mishipa ya fahamu inabanwa na mikono kuwa na ganzi.

Meli ya Liemba haikuweza kutia nanga ufukweni pale, hivyo tulipelekwa kwa mitumbwi. Nilipopandishwa mtumbwini plasta iliingia majini. Tulipofika Kigoma ilikuwa laini kama uji na ilikuwa inanuka. Nilinyamaza, maana uwanjani pale Lake Tanganyika palikuwa na watoto wenye kuhara na wazee waliozimia. Niliona haya kulalamikia harufu.

Hapo nilikosea. Harufu mbaya ndani ya plasta ni dalili ya kidonda. Ilipokatwa Nyarugusu, kisigino kilikuwa na kidonda kirefu ambacho kilichukua mwezi kufunga. Mwenye plasta asiruhusu ilowe. Akioga aifunge mfuko wa nailoni. Asiingize kijiti wala sindano ya kufumia kujikuna, hata ukiwasha namna gani. Aweke mguu juu ya mto au gunia anapolala, uwe juu kuliko moyo, na achezeshe vidole kila saa. Plasta ikilowa, ikivunjika au ikinuka, aseme, hata kama wengine wana shida kubwa kuliko yake.

MFUPA UMEUNGA, MTU BADO

Daktari alisema mfupa umeunga vizuri. Mama alishangilia. Kisha nikashushwa kitandani, nikaanguka.

Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba mfupa kuunga si kupona. Mguu uliokaa plastani majuma mengi hukonda, na kifundo hukakamaa kama bawaba yenye kutu. Wangu ulikuwa mwembamba nusu ya mwenzake. Wengi wanapofika hapo hukata tamaa, wanabaki na gongo maisha yote, au wanachechemea mpaka mgongo nao unaanza kuuma. Wengine huwazuia wagonjwa wao wasifanye kazi yoyote, wakiwaletea kila kitu kitandani kwa upendo. Upendo huo hulemaza.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa kazi ndogo ndogo za kufanya mara tatu kwa siku. Ya kwanza, kuandika herufi zote hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini kifika Z jasho linatoka. Ya pili, kukaa miguu imenyooka, kupitisha kitenge chini ya wayo na kuuvuta taratibu kuelekea kwangu, nikihesabu mpaka 30. Ya tatu, kusimama nimeshika mti wa hema na kuhamishia uzito mguu mgonjwa kidogo kidogo. Baadaye kusimama kwa vidole, miguu yote miwili, kisha mmoja. Maumivu ya kuvutika ni ya kawaida. Maumivu makali mahali pale palipovunjika, au uvimbe usioshuka asubuhi, ni sababu ya kupumzika na kurudi kliniki.

Fimbo moja ishikwe mkono wa upande mzima, si upande wa mguu mgonjwa. Wengi hufanya kinyume.

Wiki ya kwanza nilifika mlangoni mwa hema. Wiki ya tatu bombani, bila ndoo. Nilipoweza kwenda ugawaji wa chakula na kurudi bila fimbo ilikuwa mwezi wa Agosti. Mfupa wa muundi kwa mtu mzima mara nyingi huhitaji miezi minne au zaidi, na anayevuta sigara huchelewa, kwa hiyo msijilinganishe.

Chakula: mgonjwa wa mfupa anahitaji maharage au njegere kila siku, lengalenga, na ndagala, zile dagaa ndogo zinazoliwa pamoja na mifupa yake, kwa maana humo ndimo chokaa ya kujengea mfupa ilimo. Supu ya kwato ambayo watu huuza vitu vyao ili kuinunua haina maajabu yanayosemwa. Jua la asubuhi halinunuliwi.

HOFU INAYOBAKI

Mwaka mzima nilikuwa nikisikia pikipiki nashika ukuta. Usiku nilisikia ule mlio wa kuni. Nyumbani walisema ni utoto. Baada ya ajali, ndoto mbaya na kushtuka katika majuma ya kwanza ni jambo la kawaida na kwa wengi hupungua lenyewe. Kama mwezi umepita na mtu bado halali, anakwepa barabara kabisa, au anakasirika bila sababu, amwone mshauri nasaha. Si wazimu. Mimi nilimaliza hofu hiyo kwa kusimama kando ya barabara pamoja na rafiki, dakika tano, kesho kumi, mpaka mlio ukawa mlio tu.

UPANDE WA BARABARA

Jambo moja linatuhusu sisi wakimbizi hasa. Burundi na Kongo magari hupita kulia. Tanzania hupita kushoto. Mtoto aliyefundishwa na bibi yake Bujumbura kutazama kushoto kwanza, hapa akifanya hivyo anatazama upande ambao pikipiki ya kwanza haitokei. Hapa tazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena. Na wanaorudi nyumbani wafundishe watoto waliozaliwa kambini kinyume chake, kabla ya kupanda basi. Binamu yangu, kwa kuwa anasikia upande mmoja, hawezi kujua mlio unatoka wapi. Yeye hageuzi kichwa tu, husimama kabisa.

Juu ya helmeti: uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa waliopata ajali kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Isiyofungwa mkanda hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Kama inanuka, vaa kitambaa ndani. Iliyowahi kupigwa katika ajali isitumike tena, hata kama nje haina ufa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Umefika penye ajali. Mwanamke analia akishika mkono, kijana amekaa kimya kando ya barabara akisema hajambo. Utamwendea nani kwanza, na utamuuliza nini?

2. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vilivyopo nyumbani vinaweza kuwa machela au mabanzi? Jaribuni kumfunga mwenzenu mguu kwa vitu hivyo, kisha mtazame kama vidole vyake bado vina joto.

3. Jirani amefungwa plasta jana. Leo anasema maumivu yamezidi, lakini familia inangoja siku ya kliniki. Mtawaambia nini?

4. Waulizeni watoto watano wa nyumba zenu: kabla ya kuvuka barabara hapa, mnatazama wapi kwanza?